Kwa Imamu Shafi, na Deni la Mama Yangu

Mgeni afikaye Kairo, mji mkuu wa Misri, huulizwa na wenyeji swali moja kabla ya jingine lolote: je, umekwisha kuziona piramidi? Mimi nalikaa katika mji ule siku kumi na moja mwaka 2022, na piramidi nikaziona kwa mbali tu, toka dirisha la gari. Wenyeji wangu walinistaajabia. Lakini, ndugu msomaji, mtu wa Pangani aliyelelewa chuoni ana nyumba moja katika Kairo ambayo lazima aiendee kwanza, nayo ni nyumba aliyolazwa Imamu Muhammad bin Idris Ash-Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huyu ndiye ambaye sisi watu wa pwani twasali kwa mwongozo wake, na wazee wetu walikuwa hivyo kabla yetu. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na wa Kilwa wamekwisha kuwa Mashafi, naye akayaandika hayo katika habari za safari zake, hali yeye mwenyewe ni mfuasi wa Imamu Malik.

Sababu ya safari yangu ilikuwa nyingine. Binti yangu, kitinda mimba wetu, alipata nafasi ya kwenda kusoma dini na lugha ya Kiarabu katika mji ule, nami nikamsindikiza. Nisifiche: sikupenda aende. Nalisema nyumbani kuwa Misri ni mbali, kuwa mtoto wa kike hukaa karibu na watu wake, kuwa elimu ipatikanayo Tanga yatosha. Mke wangu alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mama yako angekuwapo, ungeyasema haya mbele yake?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kukata tiketi. Katika mizigo yetu tulitia msala mmoja mdogo wa ukili, wenye mistari ya zambarau iliyokwisha kufifia. Habari ya msala huo itakuja mahali pake.

Siku ya nne asubuhi tulipanda teksi, nikamwambia dereva maneno mawili tu: Imamu Shafi. Hakuuliza mtaa wala namba. Alitupitisha karibu na msikiti wa Sayyida Nafisa, bibi mwanachuoni wa kizazi cha Sayyidna Hasan, ambaye imepokewa kuwa Imamu alikuwa akimzuru katika uhai wake, na kuwa jeneza la Imamu lilipopitishwa nyumbani kwake alilisalia. Tukapita uwanja wa Sayyida Aisha, chini ya ngome ya Salahuddin, mahali penye wauza njiwa na wauza vyombo vikuukuu na kelele isiyo na kifani. Halafu ghafula kelele ikakatika, na kila kitu kikawa rangi ya vumbi. Hapo ndipo inapoanza Karafa, makaburi makuu ya Kairo ya upande wa kusini.

Makaburi yale hayafanani na yetu, yaliyo chini ya miembe na minazi. Yale ni mitaa kamili: yana kuta, milango na nyua, na katika baadhi ya nyua hizo wanakaa watu hai na jamaa zao, wanaanika nguo na kufuga kuku mbele ya makaburi ya watu wasiowajua. Tangu mwaka 2020 sehemu nyingine zimebomolewa kupisha barabara mpya, na dereva wetu alipoonyesha kwa kidole palipokuwa na ukuta wa jamaa zake, hakusema neno jingine mpaka tulipofika.

Kuba la Imamu huonekana kabla ya mtu kufika, maana ni kubwa, limevikwa risasi, lina rangi ya mbingu yenye mawingu. Na juu yake, mahali ambapo kwetu pangewekwa mwezi, pana mashua. Ni mashua ya shaba, imepandishwa juu ya ncha ya kuba kana kwamba maji yaliwahi kufika huko yakaiacha yalipokupwa. Wengine husema kuwa zamani ilikuwa ikitiwa nafaka kwa ajili ya ndege. Wengine husema kuwa ni ishara ya bahari ya elimu ya Imamu. Binti yangu hakungoja maelezo. Alisema, "Baba, dau!" kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa ugenini.

Kando ya kuba pana msikiti uliojengwa mwaka 1891, zama za Khediwi Taufiki. Kuba lenyewe lilikuwa limetoka kutengenezwa upya. Kazi ilianza mwaka 2016 ikamalizika 2021, hata rangi za dari na nakshi za mbao zilikuwa zimefufuka. Ndani ni chumba kimoja cha mraba, kila upande kiasi cha mita 15, kuta zake nene, marumaru chini, na juu giza lenye nakshi ambalo jicho hulifikia polepole. Kaburi limefunikwa sanduku la msaji, kazi ya seremala wa mwaka 574 Hijria, yaani 1178, katika enzi ya Salahuddin. Mimi ni mwana wa mji wa milango ya nakshi. Nimeona kazi za mbao tangu utotoni. Nasema kwa insafu kuwa ile nalisimama nikaitazama kama mwanafunzi. Nilitoa salamu, nikasoma Fatiha, nikaomba nilichoomba.

Nilipogeuka nikaona kuwa Imamu hakulala peke yake. Chini ya kuba lile mna makaburi mengine, na mlinzi, mzee mwenye kanzu ya kijivu, alituonyesha moja akasema, "Huyu ni mama yake Sultani Kamil." Al-Malik Al-Kamil alikuwa mtoto wa ndugu yake Salahuddin, na ndiye aliyelijenga kuba hili mwaka 608 Hijria, yaani 1211. Mwaka huohuo mama yake alifariki, naye akamzika hapa. Wanahistoria wana mengi ya kusema juu ya jengo lile: kuwa ukoo wa Salahuddin ulitaka kuitia nguvu Sunna katika Misri baada ya dola ya Wafatimi, na hayo ni kweli. Lakini siasa haimlazimishi mtu kumlaza mama yake pale. Hilo alilifanya kwa kuwa ni mwana.

Basi nikamwuliza mzee yule kwa Kiarabu changu cha vitabuni, "Na mama yake Imamu, yuko wapi?"

Alifungua viganja vyake viwili, akasema, "Allahu aalam."

Jibu lile lilinikaa moyoni siku zote nilizobaki Kairo. Mama wa Sultani ana kuba, na mama wa Imamu hana. Na bila ya huyu wa pili kuba lenyewe lisingalikuwapo, wala mashua juu yake, wala sisi tusingalitoka Pangani kuja kulitazama.

Wasomaji wengi wanaijua habari yake kwa sehemu, nami nitaitaja kama ilivyopokewa na wanavyuoni. Imamu Shafi alizaliwa Ghaza katika nchi ya Sham mwaka 150 Hijria, yaani 767. Ghaza ileile ambayo vita vilivyoanza Oktoba 2023 vimeibomoa, na ambayo akina mama wake wamebeba watoto wao mikononi kutoka mtaa hadi mtaa. Baba yake alikufa yeye angali mchanga. Mama yake akabaki mjane, maskini, katika mji wasiokuwamo watu wa mumewe. Mtoto alikuwa Mkureshi, nasaba yake inakutana na ya Mtume (S.A.W.) kwa Abdu Manafi, na mama akaogopa kuwa akikulia ugenini nasaba itapotea na mtoto atapotea nayo. Alipotimia miaka miwili alimchukua wakaenda Makka. Watu husoma jambo hili kwa mstari mmoja wakapita. Mimi naomba tusimame kidogo. Toka Ghaza mpaka Makka ni jangwa la zaidi ya kilomita elfu moja, nayo ilisafiriwa na mwanamke asiye na mume wala mali, ana mtoto wa kubebwa.

Makka alimpeleka chuoni, na hakuwa na cha kumpa mwalimu. Mwenye kujua vyuo vyetu vya zamani anafahamu maana yake. Sisi pia tulipeleka ada ya Alhamisi, na mtoto aliyekwenda mikono mitupu aliijua Alhamisi ilivyo ndefu. Imamu mwenyewe alikuwa akisimulia kuwa mwalimu aliridhika asilipwe, kwa sharti kuwa kila akiondoka, mtoto huyu awasimamie wenziwe. Hakuwa na karatasi, akaandika juu ya mifupa mipana ya wanyama, na juu ya mgongo wa makaratasi yaliyokwisha kutumiwa katika ofisi za serikali. Imepokewa kuwa alihifadhi Kurani akiwa na miaka saba, na Muwatta wa Imamu Malik akiwa na kumi. Na alipokuwa kijana, akapata safari ya kwenda Yemeni wala hapakuwa na nauli, mama yake aliweka mali yake rehani. Hapa wapokezi wanahitilafiana: wengine husema aliweka nyumba, wengine husema aliweka nguo yake ya kujitanda. Mimi si mwanachuoni wa kuamua baina yao. Naona tu kuwa katika maskini hizo mbili hazipishani sana. Aliyeweka nyumba na aliyeweka shuka yake ya kutokea nje, kila mmoja ametoa kinachomsitiri.

Kitabu kikubwa cha fikihi cha Imamu, kilichopokewa na mwanafunzi wake Ar-Rabii bin Sulaiman, kinaitwa Al-Umm, na neno hilo kwa Kiarabu ni "mama". Wenye elimu watanikumbusha upesi kuwa maana yake hapo ni asili na chimbuko. Najua, wala sidai kuwa jina lile lilimkusudia yule mjane wa Ghaza. Lakini hakuna wa kunizuia nisimkumbuke kila nisomapo jalada lake.

Athari ya mwanamke yule hatuna haja ya kuitafuta Misri. Kila alfajiri, toka Barawa mpaka Kilwa mpaka visiwa vya Ngazija, Mashafi wakiinuka katika rukuu ya rakaa ya pili huinua mikono wakasoma Kunuti. Ndugu zetu wa madhehebu nyingine wana dalili zao, nami sina ugomvi nao. Nasema tu kuwa mikono ile yote inafuata ijtihadi ya mtu mmoja aliyepelekwa chuoni na mama asiyekuwa na ada.

Nami Kunuti sikufundishwa na mwalimu. Nilifundishwa na mama yangu, ambaye hakujua kusoma.

Mama yangu alizaliwa katika shamba la mkonge, si mbali na Pangani, ambako baba yake alikuwa kibarua. Hakuwekwa chuoni. Sura alizozijua alizidaka kwa masikio kutoka kwa wanawake waliokuwa wakisoma, na Kunuti vivyo hivyo. Alipoolewa mjini, na baba yangu alipofariki mimi nina miaka sita, kazi yake ikawa kusuka ukili. Aliununua ukindu, akauanika, akautia rangi, akauchana, akausuka kwa vidole mchana na usiku, akauza kwa pima kwa washonao mikeka. Ada yangu ya Alhamisi ilitoka katika vidole vile.

Usiku alikaa mlangoni na ukili wake, nami nikakaa mbele yake na msahafu na kibatari. Sharti lake lilikuwa moja: "Usinyanyuke mpaka pima hii iishe." Kwa hiyo somo langu halikupimwa kwa kurasa, lilipimwa kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa. Nikisinzia alisema, "Soma, baba, nakusikiliza." Mara nyingine nalisikia pumzi yake imebadilika, nikajua kuwa yeye ndiye aliyelala, nikinyamaza tu, vidole vilianza tena kusuka, na sauti ikasema, "Nakusikiliza." Sikuwahi kusikia kwake neno la kunikatisha tamaa. Nalishindwa na Suratu Yasin mwaka mzima, naye kila siku aliniambia kuwa jana nilisoma vizuri kuliko juzi. Hakuwa na njia ya kujua. Lakini nilimwamini, na kwa kumwamini nikasoma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika makala haya, nalo ni zito kwangu. Mwaka 1974 nalikuwa na miaka kumi na tano. Nilikwisha kuhitimu, nimeanza nahau, nimevimba kichwa. Jioni moja walikuwapo nyumbani wanawake wa jirani, na mama akasoma dua, akaikosea herufi. Nikamsahihisha mbele yao. Sikumsahihisha kwa upole, nilicheka. Mwenyezi Mungu ametukataza tusiwaambie wazazi wetu hata "ah", nami niliyejua aya hiyo kwa moyo nilicheka. Wanawake wakatazama chini. Mama hakukasirika. Wageni walipoondoka alinyosha ukili wake juu ya magoti akaniambia, "Basi nifundishe, baba. Nami nataka kuusoma mwenyewe."

Nje walikuwa wakiniita vijana wenzangu, tuna mchezo wa mpira ufukoni. Nikamwambia, "Kesho."

Miaka ile serikali yetu ilikuwa imeanzisha madarasa ya kisomo kwa watu wazima kila mahali, na mama alikwenda. Alijifunza kuandika jina lake, na kusoma vibao vya maduka, na mimi nikajiambia kuwa haja yake imekwisha. Haikuwa imekwisha, alichoomba kwangu kilikuwa kingine. Nikaenda Tanga kusoma, nikaenda chuo cha ualimu, nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu miaka thelathini na mitano. Nalimpelekea fedha kila mwezi, na kanga kila Idi. Hakulitaja tena jambo lile, wala mimi sikulitaja. Alifariki mwaka 1998. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni nani astahiliye zaidi uzuri wa usuhuba wetu alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba, na hadithi hiyo nimeifundisha darasani mara nyingi, na kila mara nalipofika hapo sauti yangu ilipungua kidogo, wala wanafunzi hawakujua kwa nini.

Siku tulipokwisha kumzika nalikuta chini ya kitanda chake bumba la ukili ambao haujauzwa, wenye mistari ya zambarau. Ncha yake ilikuwa bado wazi, ukindu umesimama kama vidole. Mke wangu aliushona ukawa msala.

Msala ule niliutandika katika ule msikiti wa kando ya kuba, nikasali rakaa mbili, nikamwombea mama wa Imamu, na mama wa Sultani, na mama yangu. Binti yangu alikuwa upande wa wanawake. Alipotoka aliniambia kuwa bibi mmoja mzee wa Kimisri alimwuliza ametoka wapi, akamjibu, na bibi yule akamshika kichwa akamwombea, akamwita Shafiiyya. Jina hilo lilimfurahisha kuliko zawadi zote.

Nalikuwa nimekusudia kurudi na msala nyumbani. Ni mmoja tu, na ukipotea hakuna mwingine. Lakini usiku wa kabla ya kuondoka nilikwenda chumbani alikopangishwa, nikaona ameuweka kando ya kitanda, na vitabu vyake vimepangwa juu ya kiti kwa kuwa meza haijaletwa. Pembe moja ya msala ilikuwa imeanza kufumuka katika safari. Nikamwambia uzi wa kushonea utatoka wapi katika mji huu? Akasema atauliza. Tukatoka wote wawili mpaka duka la vifaa vya nyumbani, nikaeleza kwa ishara, tukapata sindano kubwa ya kushonea magunia na uzi wa katani.

Tulirudi tukakaa chini. Nikamwonyesha jinsi ukingo wa ukili unavyopandana na mwenzake, na sindano inavyopita katikati yake bila ya kutokeza juu. Hayo niliyajua kwa kuyatazama kila usiku utotoni, bila ya mtu kunifundisha. Alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Mimi nilimsomea kurasa zake za nahau zilizokuwa na maneno magumu, naye akajibu bila kuinua kichwa. Ilipofika saa sita nikasema kuwa ndege yangu ni ya alfajiri, yaliyobaki tutayamaliza kwa simu.

Akasema, "Ngoja, baba. Nimalize pembe hii."

Nikakaa.